Mama mdogo anataka shina la hopsi

"Hebu lipasue tuone ndani," mama mdogo aliniambia.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Kwangu Salem, Oregon, jua lilikuwa linazama. Kwake Kibosho, Kilimanjaro, kulikuwa kunapambazuka, naye alishaingia jikoni, maana ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huchemshwa mapema. Nilikuwa nimemgeuzia simu aone uzio wangu ulivyofunikwa na hopsi, mmea unaotia bia uchungu, kwa majani mapana na vishada vya maua ya kijani. Nikachuma ua moja, nikalichana katikati kwa ukucha. Chini ya kila kigamba kulikuwa na unga wa njano unaonata, uliobaki kwenye kidole hata baada ya kulitupa ua lenyewe.

"Onja."

Nikaonja. Uchungu ulichelewa kidogo, ukaanzia nyuma ya ulimi, ukatanda, ukakaa.

Mama mdogo alinitazama usoni akacheka kwa furaha. "Basi huo ndio msesewe wa Wazungu. Desemba ukija niletee shina, nipande hapa kihambani." Msesewe ni mti wa kwetu ambao gome lake hutiwa kwenye mbege iwe chungu, na kihamba ni shamba la nyumbani.

Nikamjibu kwamba nitaangalia.

Wiki zilipita nikawa bado naangalia. Mama mdogo amekuwa akipika mbege ya kuuza tangu kabla sijaanza shule, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mapipa yake. Akiomba kitu cha kazi yake, hastahili jibu la juu juu.

## Mzizi wa jirani

Hopsi niliipata Machi kwa jirani, mzee mstaafu ambaye kila mwaka hupunguza mizizi ya shina lake isivamie bustani nzima. Alinipa kipande chenye urefu wa kiganja, kikavu kwa kukitazama, chenye macho meupe yaliyoanza kutokeza. Aina yake ni Cascade, ambayo ni ya hapa hapa: ilizalishwa Corvallis na watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani wakishirikiana na chuo kikuu cha Oregon State, wakulima wakaanza kupewa mwaka 1972.

Haipandwi kwa mbegu. Hopsi ina mmea dume na mmea jike, na maua yanayotakiwa ni ya jike, kwa hiyo anayetaka uhakika hupanda kipande cha mzizi wa jike anayejulikana. Kila shina la Cascade duniani limetokana na mche mmoja wa Corvallis, kipande kikizaa kipande.

Nilikilaza kwenye tuta lililochanganywa na mboji, upande wa bustani unaopigwa na jua kutwa nzima, nikakifukia kwa kina cha sentimita chache tu. Jirani akanionya nisidai mengi. Mwaka wa kwanza mmea hujenga mizizi. Mavuno kamili huja mwaka wa tatu.

Kisha nikaenda kununua kamba.

Kwenye duka la pembejeo waliniletea bunda la kamba nene ya rangi ya hudhurungi, na nilipoinusa tu nikaitambua: makumbi ya nazi. Mashamba ya hopsi ya bonde hili la Willamette hutundika kamba hizo kwenye nyaya zilizo juu zaidi ya mita 5, na nyingi hutoka Sri Lanka. Nilisimama pale dukani nikiwaza akina mama wa Unguja wanaofukia makumbi kwenye tope la pwani kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda, wakayasokota. Kamba ya makumbi hupendwa kwa ukwaruzo wake. Hopsi haina vikonyo vya kushikia. Hupanda kwa shina lenyewe, ambalo limejaa vinyweleo vigumu vilivyojipinda kwa chini. Pitisha mkono juu yake na utaona mistari myekundu kwenye ngozi. Kuanzia Juni nilikuwa naingia bustanini na mikono mirefu hata siku za joto kali.

Shina hilo hujizungusha upande mmoja tu, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Nilijaribu kulizungusha moja kinyume, kwa kutaka kujua. Kulipokucha lilikuwa limejifungua lote, linaning'inia, ncha yake inatafuta kamba upya.

Mei ilikuwa ya mvua, na mvua ikaleta ubwiri vinyoya. Chipukizi moja lilidumaa, rangi ikapauka, majani yakakunjamana kuelekea chini, na nilipoyageuza nikaona ukungu wa kijivu mgongoni mwake. Nikalikata chini kabisa, nikalitia kwenye taka, si kwenye mboji. Ugonjwa huu ni wa kuogopwa hapa. Uliitesa Oregon kuanzia miaka ya 1930, na leo sehemu kubwa ya hopsi ya Marekani hulimwa bonde la Yakima, jimbo la Washington, ambako hewa ni kavu na maji ni ya kumwagilia.

Juni ndiyo ilinifanya niupende mmea huu. Jioni nilichora alama ya mkaa kwenye nguzo, usawa wa ncha. Asubuhi ncha ilikuwa imeipita alama kwa zaidi ya upana wa kiganja. Sijawahi kuishi na mmea unaokimbia hivyo, na nikiri kwamba kuna asubuhi nilikunywa kahawa nimesimama pale uani, nautazama tu.

## Saa za mwanga

Mama mdogo aliponiomba shina, jambo la kwanza nililofikiria ni udongo na baridi. Udongo si tatizo: Kibosho ina udongo wa volkano, samadi ya ng'ombe wa ndani na maji ya mfereji. Hopsi ni mlafi wa mbolea, na kihamba kinajua kulisha.

Tatizo liko angani.

Hapa Salem siku ndefu ya Juni ina mwanga wa kama saa 15 na nusu. Hopsi huutumia mwanga huo kupanda juu. Baada ya tarehe 21 Juni siku zikianza kufupika, mmea huhisi, hupunguza mbio, hutoa matawi ya pembeni, na kwenye matawi hayo ndipo maua hujaa. Ni mmea unaohesabu saa. Ndiyo maana mashamba yake makubwa yako mbali na ikweta: Hallertau kule Bavaria, Žatec nchini Cheki, Kent nchini Uingereza, Yakima, na Nelson kule New Zealand.

Kibosho iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote, tofauti haifiki nusu saa. Mwaka mzima mwanga ni kama saa 12.

Kwa hopsi, hizo ni saa za mwisho wa msimu. Ikichipua chini ya mwanga wa namna hiyo, hudhani wakati umekwisha kabla haujaanza: hubaki fupi, hutoa maua machache mapema, kisha hutaka kulala. Hata Afrika Kusini, kule George chini ya milima ya Outeniqua, nyuzi 34 kusini, siku hazikutosha kwa aina za Ulaya. Wakulima waliwasha taa mashambani kurefusha mchana, hadi watafiti walipozalisha aina zinazokubali siku fupi kidogo, zikiwemo Southern Promise na Southern Star.

Niliposoma hayo nilipata jibu, au nilidhani nimelipata. Ningempigia mama mdogo nimwambie haiwezekani.

Sikupiga.

## Kahawa nayo ilikuja

Kilichonizuia ni jambo ambalo angeniambia kabla sijamaliza sentensi. Kahawa nayo si ya Kilimanjaro. Ilifika na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1933 Wachagga walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, kinachouza kahawa yao. Nyumba za bati, shule, vyuo, safari yangu mimi mwenyewe hadi hapa: yote hayo yana kahawa ndani yake. Mtu aliyelelewa na mmea mgeni anapata wapi ujasiri wa kumkatalia mwenzake mmea mgeni?

Nilijipa hoja kwamba kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, karibu na ikweta, kwa hiyo ilipofika Kilema ilikuta mchana wa kawaida yake. Ni hoja ya kweli. Lakini ndani yangu nilijua naitafuta.

Kisha nikakutana na habari za Florida. Chuo kikuu cha huko kina kituo cha utafiti Wimauma, karibu na Tampa, joto tupu, na wanavuna hopsi mara mbili kwa mwaka kwa kuwasha taa za LED usiku. Na mwaka 2019 William Bauerle wa chuo kikuu cha Colorado State alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hopsi haihitaji ile baridi ya kulaza mizizi ambayo vitabu vya zamani viliishikilia. Ukiipa mwanga wa kutosha, inaendelea.

Jibu langu la "haiwezekani" likaanguka.

Inawezekana. Kibosho, ukiwa na nguzo ndefu, kamba, umeme usiokatika na taa za kudanganya usiku, hopsi itakubali. Shina lenyewe lingehitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, maana TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, hawaruhusu mtu kushuka uwanja wa ndege wa KIA na mzizi wenye udongo ndani ya begi, na wana haki: ule ubwiri vinyoya niliouona Mei hujificha ndani ya mzizi majira yote ya baridi. Lakini vibali huombwa, na hupatikana.

Kwa hiyo sikuwa tena na mahali pa kujificha nyuma ya jua. Ilibidi nijiulize anachokitaka mama mdogo ni nini hasa.

## Uchungu unafanya kazi gani

Nilimpigia nikamuuliza tu. Akajibu bila kufikiri: "Inayobaki inaharibika."

Mbege haikai. Ndizi zimechemshwa na kuachwa zichachuke siku kadhaa, ulezi umeoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, ukapikwa uji, msesewe umetiwa, vikachanganywa, na kesho yake ni siku ya kunywa. Siku inayofuata bado ni nzuri kwa wanaopenda kali. Baada ya hapo ni siki. Mvua ikinyesha siku ya soko, au msiba ukatokea kijiji cha pili watu wakaenda huko, mama mdogo anamwaga. Alikuwa amesikia kwa mtu kwamba bia ya kiwandani hukaa miezi kwa sababu ya "majani fulani", na aliponiona nayo uani kwangu, akaunganisha.

Ameunganisha sawasawa. Utunzaji ndio uliifanya hopsi iwe hopsi. Mtawa Hildegard wa Bingen aliandika katika karne ya 12 kwamba uchungu wake huzuia vinywaji visioze. Leo tunajua namna: asidi zilizomo kwenye ule unga wa njano, zikichemshwa muda mrefu ndani ya maji ya kimea, hubadilika, huleta uchungu na kuzuia kundi kubwa la bakteria, hasa wale wanaochachusha kwa asidi ya laktiki.

Hapo nikasimama.

Bakteria hao ndio hao wanaogandisha maziwa, na ndio hao wamo ndani ya mbege. Ule ukali mdogo unaokupiga pembeni mwa ulimi baada ya utamu wa ndizi ni kazi yao. Msesewe unatia uchungu na kuwaacha waendelee. Hopsi ingewazuia. Mama mdogo angepata kinywaji kinachokaa, chenye ndizi na ulezi ndani, lakini wazee wanaokuja kwake saa tisa alasiri wangekionja na kukirudisha.

Nilijisikia vibaya kwa furaha niliyoipata. Nilikuwa nimepata sababu ya kweli, na sababu hiyo ilikuwa inamwacha na mapipa yake ya kumwaga.

## Waliopika kabla yake

Kuna historia nyingine iliyonikalia rohoni zaidi ya kemia, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Uingereza ya zamani ilikuwa na pombe isiyo na hopsi. Ilipikwa nyumbani, hasa na wanawake, kwa ajili ya familia, na iliyozidi iliuzwa. Mwenye pombe tayari alisimamisha mti mlangoni ili wapita njia wajue. Ilikaa siku chache tu, kwa hiyo aliyeuza alikuwa jirani, na faida ilibaki kijijini. Kisha, kuanzia mwishoni mwa karne ya 14, bia ya hopsi ikaanza kuingia kutoka ng'ambo ya bahari, Flanders na Uholanzi. Hii ilikaa miezi. Iliweza kupakiwa kwenye mapipa na kusafirishwa. Mwenye mtaji wa mitungi mikubwa, kuni nyingi na magari ya farasi angeweza kupika mahali pamoja na kuuza mji mzima, na mtaji huo walikuwa nao wanaume. Haikuwa hopsi peke yake. Kulikuwa na sheria, vyama vya mafundi, ukuaji wa miji. Lakini kufikia karibu mwaka 1600 biashara ile ilikuwa imetoka kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wanawake waliokuwa wameishika kwa karne nyingi.

Nasoma hayo na ninamwona mama mdogo na kata yake mkononi.

Kinachomwangusha siku ya mvua, yaani mbege kutokaa, ndicho kinachomlinda siku nyingine zote. Hakuna kiwanda kinachoweza kupika mbege Dar es Salaam na kuileta Kibosho ikiwa ile ile. Anayeitaka lazima aje kwake.

Sisemi kwamba shina moja kwenye kihamba cha mama mdogo lingeangusha wapishi wa mbege wa Kilimanjaro. Nasema tu kwamba sikutaka kulipeleka bila yeye kulijua hili. Watu wengi wamepeleka mimea Kilimanjaro kwa nia njema, na wachache walikaa chini kumweleza mpokeaji mmea huo ulimfanyia nini mtu wa kwao.

## Simu ya Oktoba

Nilikuwa nimeshavuna. Maua yakiwa tayari hukauka kidogo, ukiliminya moja hurudi umbo lake na kuchakacha, na ule unga huwa wa njano iliyokolea. Niliyatandaza kwenye wavu mbele ya feni hadi vikonyo vikavunjika, mengi nikampa jirani. Nyumba ilinukia maganda ya chungwa na nyasi kwa siku kadhaa.

Nikampigia mama mdogo, shikamoo, marahaba, habari za huko, na nikamwambia yote. Saa za mwanga. George. Florida. Vibali. Bakteria wa maziwa. Wanawake wa Uingereza na ule mti mlangoni. Hapo alinikatiza.

"Walikwenda wapi, hao akina mama?"

Nikamwambia wengine walibaki kuuza rejareja bia iliyopikwa na wanaume, wengine wakawa vibarua kwenye viwanda vyao.

Akanyamaza. Halafu akarudi kwenye biashara, kama kawaida yake. Alitaka kujua taa hizo zingewaka saa ngapi kila usiku, kwa miezi mingapi. Tukapiga hesabu pamoja: saa tatu au nne za ziada, karibu kila usiku, tangu mmea uchipue hadi ufike juu ya nguzo. Akauliza nani angenunua maua yenyewe. Nikamweleza kwamba viwanda hununua hopsi ikiwa imekaushwa na kusindikwa vidonge, kwa mikataba na wauzaji wakubwa wa ng'ambo, wala havihangaiki na mwenye shina moja.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunitajia. Msesewe wake wa zamani, ule uliokuwa karibu na mfereji, umekauka. Ulichunwa gome pande zote na watu waliopita usiku. Sasa ananunua gome sokoni, na hajui limekatwa lini wala mti gani, na mara nyingine linatia uchungu mwembamba usioshika. Kumbe wakati wote ule aliponiomba hopsi, alikuwa anatafuta pia mbadala wa mti wake.

Hili ningelijua Agosti, ningetumia wiki zangu tofauti. Nimekuwa nasoma habari za Bavaria wakati swali lilikuwa la mti unaoota kandokando ya maji yetu wenyewe, mkubwa, wa kuchunwa upande mmoja na kuachwa upone kabla ya kuguswa tena. Nilimuuliza kama kuna miche. Yupo kijana wa Uru anayeotesha, akasema, pamoja na miruka na miti mingine ya kivuli. Nikamtumia hela ya miche kwa simu usiku ule ule.

Amepanda juu ya mfereji, ndani ya uzio wa masale, mahali ambapo mpita njia haoni. Itachukua miaka kabla gome halijafaa. Mbege inayobaki siku ya mvua ameanza kuipunguza kwa kupika mapipa machache na kuuliza wateja wake siku moja kabla, na anasema hilo linamsaidia zaidi ya alivyotegemea. Kuhusu zile taa, tulipomaliza hesabu alinijibu kwamba umeme wa kukesha ukimulika maua angeutumia kusagia ulezi.